Una amplifaya ya zamani? Soma hapa kabla hujanunua spika za mtumba

Leo naomba tuongelee spika ndogo za mtumba, zile za kuweka juu ya kabati au shelfu, na jinsi ya kuzioanisha na amplifaya ya zamani. Mimi sio fundi, nimemaliza kidato cha nne tu, ila nimeshinda sana kwenye vibanda vya mafundi redio hapa Moshi mjini, na naona watu wanavyouziwa mbuzi kwenye gunia.

Huku kwetu nyumba nyingi za migombani, kuanzia Machame mpaka Marangu, bado zina amplifaya ya mzee. Tukumbuke Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994, kwa hiyo mwenye hela alinunua muziki. Ya kwetu Kibosho babu aliinunua kwa hela ya kahawa, miaka ile ya 1976 na 1977 bei ilipopanda dunia nzima baada ya baridi ya barafu kuunguza mikahawa ya Brazil mwaka 1975. Ina wati 25 kila upande na inapiga mpaka leo. Spika zake ndio zilioza. Sasa hatari iko hapa: ukiifungia spika za kuokoteza, unaweza kuiua kwa jioni moja, na transista zake orijino siku hizi kuzipata ni kazi.

KWANZA, SOMA NYUMA YA AMPLIFAYA

Angalia volti. Umeme wetu ni volti 230. Mashine iliyotengenezwa kwa soko la Japani ni ya volti 100, na ya Marekani ni 120, hizo zinataka transfoma ya kushusha. Nyingine zina swichi ya kuchagua volti huko nyuma, ihakikishe kabla hujachomeka.

Halafu tafuta alama ya Ω pale zinapofungwa nyaya za spika. Hizo ndio omu. Ikiandikwa 8 mpaka 16, maana yake usiipe spika ya omu 4. Mnakumbuka kanuni ya Ohm ya fizikia? Volti 12 kwenye omu 8 zinapitisha ampea 1.5, kwenye omu 4 zinapitisha ampea 3. Mzigo umeshakuwa mara mbili. Ukifungulia sauti kwa nguvu, transista zinachemka. Ukiwa na bahati fyuzi inakatika, usipokuwa na bahati transista inakufa na kupeleka umeme mnyoofu kwenye spika, koili nayo inaungua.

Ndio maana muwe macho na spika zilizobaki baada ya redio ya CD tatu kufa, au zilizong'olewa kwenye sabufa na magari. Nyingi ni omu 6, 4, hata 3. Na kama amplifaya yako ina sehemu ya A na B, kufunga jozi mbili za omu 8 na kuziwasha zote kwa pamoja, kwa amplifaya nyingi ni sawa na omu 4.

PILI, USIDANGANYWE NA WATI

Muuzaji atakwambia "hizi ni wati 200 bosi". Wati za spika ni kiasi inachoweza kuvumilia, sio sauti inayotoa. Cha kuuliza ni desibeli, zinaandikwa dB, yaani spika inatoa sauti kiasi gani ikipewa wati 1 ukiwa umbali wa mita 1. Kila desibeli 3 zinazopungua, unahitaji wati mara mbili kupata sauti ile ile. Kwa hiyo amplifaya ya wati 20 na spika ya 90 dB inalingana kwa sauti na amplifaya ya wati 80 na spika ya 84 dB!

Mfano, Yamaha NS-10M iliyotoka mwaka 1978 ni omu 8 na 90 dB, mzigo mwepesi kwa mashine ya mzee. LS3/5A iliyobuniwa na BBC miaka ya 1970 inasifiwa mno kwa sauti ya mtu kusikika kama yupo, lakini iko kama 83 dB. Chumbani sawa, ila sebule kubwa ya Krismasi ndugu wote wamerudi kutoka Dar, itakuangusha. Na amplifaya ndogo sio kitu cha kudharau: NAD 3020 ya mwaka 1978 ilikuwa ya wati 20 tu na ikapata jina dunia nzima.

Mimi kwa amplifaya ya wati 20 mpaka 40 natafuta omu 8 na 88 dB kwenda juu. Basi.

TATU, KAGUA KABLA YA KUTOA HELA

1. Fungua kitambaa cha mbele. Gusa ile pete inayozunguka koni kwa kidole. Kama ni sponji na inamegeka, imeoza, sponji nyingi hazivuki miaka 20 hivi. Ya mpira au kitambaa hudumu zaidi. Sponji inabadilishwa, lakini jumlisha hela ya fundi kwenye bei.

2. Sukuma koni taratibu kwa vidole viwili pande zote. Ikikwaruza, koili imepinda au imeungua. Achana nayo.

3. Pima kwa mita. Spika ya omu 8 husoma kama 5.5 mpaka 7, ya omu 4 husoma 3 hadi 4. Hiyo ni kawaida. Ikisoma sifuri kuna shoti, isiposoma kitu koili imekatika.

4. Chukua betri ya volti 1.5, gusisha chanya kwenye nyekundu mara moja na kuachia. Kwa kawaida koni inatoka nje. La muhimu zaidi, zote mbili ziende upande mmoja, la sivyo besi itapotea.

5. Twita haipimiki kwa betri. Piga wimbo kwa sauti ndogo, weka sikio karibu, kila spika peke yake.

6. Linganisha spika za ndani. Upande mmoja ukiwa na wufa tofauti, hiyo sio jozi tena.

7. Bonyeza sanduku chini na nyuma. Huku juu ukungu na mvua vinavimbisha mbao za unga na kushika kutu kwenye skrubu. Za mjini shida yake ni vumbi. Panya wako kote.

UKISHAFIKA NYUMBANI

Waya wa nyuzi mbili wa milimita 1.5 za mraba unatosha, ila nyuzi za nyekundu na nyeusi zisigusane hata moja. Zima mashine kabla ya kufunga. Spika yenye tundu nyuma isogeze kama sentimita 30 kutoka ukutani, besi isivume. Na sauti ikianza kukwaruza, punguza. Amplifaya ndogo ikilazimishwa mwisho ndio inaua twita, hata kama spika imeandikwa wati 200.

Bei chee sio bei ya sokoni, ni ile unayobaki nayo baada ya fundi. Wazee wetu walitoa jasho la kahawa kwenye hizi mashine, tusiziue kwa kimeo cha siku moja. Mwenye swali aandike jina la amplifaya na namba za nyuma, sio "ni ile nyeusi kubwa".

Nawasilisha.