Jumamosi na Jumapili za Ng'ambo

Historia ya vijana wetu waliokwenda kusoma ng'ambo huandikwa kwa vyeti. Fulani alikwenda Uingereza akarudi na shahada. Fulani alikwenda Urusi akarudi mhandisi. Fulani alikwenda Ujerumani ya Mashariki akarudi daktari wa mifugo. Lakini juma lina siku saba, na hakuna chuo kilichofundisha siku zote saba. Katika makala haya napenda kueleza zile siku ambazo hazimo katika vyeti, kwa sababu vijana walioko madarasani sasa hutuuliza sana sisi wa zamani habari za masomo na nauli, wala hawatuulizi Jumapili ilikuwaje. Na kwa maoni yangu, aliyeshindwa ng'ambo mara nyingi hakushindwa na hesabu. Alishindwa na Jumapili.

Yafaa ikumbukwe kwanza kwamba zamani ng'ambo ilianzia karibu. Kijana wa Singida aliyetaka sekondari alitazama Tabora au Dodoma. Ama chuo kikuu, Tanganyika haikuwa nacho hadi Oktoba 1961, kilipofunguliwa chuo cha Dar es Salaam chenye kitivo kimoja tu, cha sheria. Kabla ya hapo ilikuwa Makerere, Uganda. Mtu aliteremka hadi Itigi au Manyoni, akapanda gari moshi, akabadili Tabora kwenda Mwanza, kisha akavuka ziwa kwa meli. Julius Nyerere alikuwa Makerere toka mwaka 1943 hadi 1945, na huko ndiko yeye na wenzake wa Tanganyika, akiwemo Andrew Tibandebage, walikoanzisha chama chao cha maslahi ya Watanganyika. Mambo kama hayo hayafanywi saa za darasa. Hufanywa Jumamosi jioni, watu wamekaa juu ya vitanda vya bweni kwa kuwa viti havitoshi.

Ng'ambo ya mbali ilikuja baadaye, na mfano ulio maarufu kuliko yote ni wa Mwalimu huyo huyo. Alifika Uskoti mwaka 1949 kusoma katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, akapata shahada yake mwaka 1952. Yatupasa tuione hali aliyoikuta. Vita vilikuwa vimekwisha miaka minne nyuma, lakini Waingereza walikuwa bado wakinunua chakula kwa vitabu vya mgao. Sukari iliendelea kugawiwa hadi 1953 na nyama hadi 1954. Tena Uskoti ilikuwa nchi ya watu washika Jumapili. Siku hiyo maduka yamefungwa, na vilabu vya pombe vimefungwa kwa sheria iliyodumu hadi mwaka 1976. Mgeni asiye na ndugu, mwenye shilingi chache mfukoni, mvua inanyesha, angefanya nini toka asubuhi hadi usiku?

Jawabu tunalipata kwa Mwalimu mwenyewe, maana aliwahi kusimulia kwamba masomo aliyoyachagua yalimwachia nafasi ya kusoma vitabu vingine vingi na kubishana na wanafunzi wenzake juu ya mambo ya kila namna, na kwamba ni katika miaka hiyo alipojijengea fikra zake za siasa. Basi hayo mabishano ndiyo yaliyokuwa starehe. Hayakuhitaji kiingilio. Chai ilitosha, na moto wa makaa ya mawe, na mtu mmoja wa nchi nyingine ambaye hakubaliani nawe. Mwanafunzi wa Tanganyika alikutana hapo na Mnigeria, na Mhindi, na Mskoti mwenyewe, akagundua kwamba Mskoti naye ana manung'uniko yake juu ya London. Ni katika miaka hiyo alipoandika insha yake juu ya tatizo la mbari katika Afrika ya Mashariki. Sisemi kwamba iliandikwa Jumapili. Nasema kwamba mtu aliyejifungia chumbani peke yake Jumapili zote asingeweza kuiandika.

Mji wa Edinburgh wenyewe una kilima cha mawe katikati yake, kiitwacho Arthur's Seat, chenye kimo cha mita 251. Kupanda hapo ni bure, na wanafunzi wamekipanda vizazi kwa vizazi. Mtu wa kwetu akikiona akiwa mbali atadhani yuko nyumbani katika mawe ya Singida, mpaka upepo umpige.

Lakini nisipendezeshe mno habari. Katika Uingereza ya miaka ile mwenye nyumba aliweza kuandika dirishani kwamba hapokei watu weusi, na mwenye ukumbi wa dansi aliweza kukurudisha mlangoni. Sheria ya kwanza ya kukataza ubaguzi katika mahali pa watu wote ilipitishwa mwaka 1965, na nyumba za kupanga ziliingizwa mwaka 1968. Kwa sababu hiyo mabweni ya wanafunzi wa makoloni yalikuwa na kazi kubwa kuliko kulaza watu. Hapo ndipo ulipojua kwamba Jumamosi utaingia mlangoni bila kuulizwa.

Wale waliokwenda Marekani walikuta mchanganyiko wa namna hiyo hiyo. Mnamo Septemba 1959 Tom Mboya alisafirisha kwa ndege wanafunzi 81 toka Nairobi, na mipango hiyo iliendelea hadi mwaka 1963, ikichukua pia vijana wa Tanganyika na nchi jirani. Familia za Kimarekani ziliwaalika nyumbani mwisho wa juma na siku za sikukuu, zikawapa makoti. Na katika majimbo ya kusini, kijana huyo huyo aliyeshiba karamu Jumapili aliweza kunyimwa kahawa Jumatatu katika mkahawa wa kituo cha basi, maana sheria ya haki za raia haikupatikana hadi 1964. Wengi pia hawakuwa na Jumamosi, kwa kuwa waliosha vyombo ili wapate ada.

Upande wa Mashariki nao ulifungua milango. Chuo cha Urafiki kule Moscow kilianzishwa mwaka 1960 na mwaka uliofuata kikapewa jina la Patrice Lumumba. Huko Jumamosi ilikuwa siku ya masomo kama siku nyingine, kwa hiyo mapumziko yalikuwa Jumapili peke yake. Na mgeni hakuruhusiwa kutoka nje ya mji bila kibali. Chumba cha bweni kikawa ndiyo mbuga ya matembezi. Nako hakukukosa machungu. Februari 1963 wanafunzi wa Kiafrika waliandamana mjini Sofia, Bulgaria, baada ya umoja wao kupigwa marufuku, na wengi wakaiacha nchi ile. Desemba ya mwaka huo huo mwanafunzi wa Ghana, Edmund Assare-Addo, alikutwa amekufa pembezoni mwa Moscow, na mamia ya wenzake wakaandamana hadi Uwanja Mwekundu. Vijana hawa walikuwa wamekwenda nchi zilizotangaza kwamba ubaguzi ni mambo ya mabepari. Darasani waliambiwa hivyo. Ni mitaani, jioni, siku zisizo za darasa, walipojionea mengine.

Mimi nilikuwa Leipzig mwanzoni mwa miaka ya themanini, kwa hiyo hapa naeleza niliyoyaona. Wageni wengi tulianzia Taasisi ya Herder kujifunza Kijerumani. Bwenini tulikuwa Watanzania, Wavietnam, Wakuba, Wahabeshi na Wapalestina, na Jumamosi asubuhi jiko moja la ghorofa lilikuwa Umoja wa Mataifa. Unga wa mahindi haukupatikana, tukapika ugali kwa chenga za ngano ambazo Wajerumani huzipikia watoto uji wa maziwa. Ulishikana vizuri, ila ladha yake ilimkasirisha kila Mnyaturu aliyeuonja. Mwenzetu mmoja wa Iramba alisema huo si ugali, ni picha ya ugali.

Alasiri ya Jumamosi tulikwenda kanisa la Mtakatifu Thomas, ambako Bach alikuwa mwalimu wa kwaya toka 1723 hadi kufa kwake 1750. Kwaya ya wavulana huimba pale Ijumaa jioni na Jumamosi mchana. Kati yetu walikuwamo Waislamu na wasio na dini, na wote tulikwenda, kwa sababu wale wavulana waliimba kama malaika na hapakuwa na kiingilio cha kutuumiza. Kisha bustani, kisha mpira.

Jumapili saa kumi ilikuwa kahawa kwa wazazi wa mwanafunzi mwenzetu Mjerumani. Msomaji kijana aelewe kwamba kahawa katika nchi ile haikuwa kitu kidogo. Mwaka 1977 fedha za kigeni zilipopungua, serikali ilileta kahawa iliyochanganywa na nafaka, na watu walinung'unika waziwazi, jambo ambalo halikuwa desturi. Basi nilipotoka likizo nikiwa na kilo mbili za kahawa yetu ya Kilimanjaro, mama yule aliipokea kwa mikono miwili. Baba alikuwa mtu wa maneno machache. Alituonyesha jinsi ya kukata keki bila kuibomoa, akatuuliza ng'ombe wa Singida hunywa maji wapi wakati wa kiangazi. Swali hilo hakuna mwalimu wa chuo aliyewahi kuniuliza.

Lakini kulikuwa na jambo moja mezani ambalo halikutajwa. Sisi wageni tuliweza, kwa pasipoti zetu na viza, kupita kituo cha Friedrichstraße mjini Berlin na kwenda upande wa Magharibi, tukarudi jioni na suruali za jinzi, kaseti na betri. Rafiki yetu, mwenye nchi, hakuweza. Alitusindikiza Berlin kwa treni mara moja, akaagana nasi penye mlango, akatungoja upande wake saa sita nzima. Tuliporudi hakuuliza tumenunua nini. Aliuliza barabara fulani imeelekea wapi baada ya ukuta, kwa kuwa bibi yake alikuwa akiishi huko. Tulimchorea ramani nyuma ya bahasha. Watu hudhani sisi wa nchi maskini ndio tuliokwenda kule kuomba. Jumapili hiyo ombi lilitoka upande wa pili, na tulilolitoa lilikuwa mistari michache ya kalamu.

Mwenzetu mmoja aliwahi kusukumwa na walevi nje ya ukumbi wa dansi, akarudi bwenini na jino limelegea. Aliyemsindikiza hospitali usiku ule ni rafiki huyo huyo. Sijui jinsi ya kuyaweka mambo hayo mawili katika mizani moja, wala sitajaribu.

Ukuta ulifunguliwa tarehe 9 Novemba 1989. Rafiki yetu aliandika barua kwamba aliikuta ile barabara, nasi tulikuwa tumekosea kona moja. Miaka mitatu baadaye alikuja Singida, safari yake ya kwanza nje ya Ulaya. Tulimpeleka Jumamosi ukingoni mwa Ziwa Singidani, akakaa juu ya jiwe akitazama heroe na maji ya magadi, huku kuku wa kienyeji akichomwa. Alikula ugali wa mtama kwa mkono, akasema sasa ameelewa kwa nini tulikuwa tukigombana na lile sufuria kule Leipzig. Kisha akatoa mfukoni daftari, akaanza kuhesabu ng'ombe waliokuwa wakipita, ili akamwambie baba yake wanakunywa maji wapi.