Rwanda: Adrien Niyonshuti, mwendesha baiskeli aliyewabeba wengine

Adrien Niyonshuti ndiye Mnyarwanda aliyefungua njia ya nchi yake kuingia katika mbio za baiskeli za kulipwa za kimataifa. Hata hivyo, anayetafuta jina lake kwenye orodha za washindi wa mashindano makubwa ya Ulaya hatalipata. Sehemu kubwa ya maisha yake ya michezo aliitumia kama mwendeshaji msaidizi, yaani yule anayelipwa ili mwenzake ashinde.

Kuzaliwa na kuanza

Niyonshuti alizaliwa mwaka 1987 huko Rwamagana, mashariki mwa Rwanda. Mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 dhidi ya Watutsi yaliikumba familia yake alipokuwa na umri wa miaka saba, na ndugu zake sita waliuawa. Baadaye aliingia katika timu ya taifa iliyokuwa ikinolewa na Jonathan Boyer, Mmarekani wa kwanza kushiriki Tour de France mwaka 1981. Mwaka 2008 Niyonshuti alishinda Tour du Rwanda, mwaka mmoja kabla ya mashindano hayo kuingizwa kwenye kalenda ya Shirikisho la Kimataifa la Mbio za Baiskeli, UCI. Mwaka 2009 alijiunga na timu ya MTN ya Afrika Kusini.

Kazi ya msaidizi

Mbio za baiskeli barabarani huwa na mshindi mmoja, lakini huendeshwa kitimu. Adui mkubwa wa mwendeshaji ni upepo. Anayejificha nyuma ya mwenzake huokoa takriban theluthi moja ya nguvu zake, na kwa sababu hiyo wasaidizi hutangulia mbele kwa saa nyingi ili kiongozi wa timu afike kwenye mlima wa mwisho akiwa bado ana nguvu. Hurudi nyuma hadi kwenye gari la timu kuchukua chupa za maji, huzijaza ndani ya jezi, kisha hupanda tena kuwafikia wenzao. Gurudumu la kiongozi likipasuka, msaidizi humpa la kwake na kubaki kando ya barabara akisubiri gari.

Kazi yake inapokwisha, msaidizi huachwa na kundi na kufika mwishoni akiwa nyuma kwa dakika nyingi. Matokeo rasmi huandika muda wake tu. Hayaandiki kwamba ndiye aliyelivuta kundi kwa kilomita mia moja. Wafaransa humwita kwa neno lenye maana ya mtumishi wa nyumbani.

Timu ya Afrika

Mwaka 2013 timu yake, iliyoitwa sasa MTN-Qhubeka, ilipanda hadi daraja la pili la kimataifa, ikiwa ya kwanza kutoka Afrika kufika hapo. Neno Qhubeka katika lugha za Kinguni lina maana ya songa mbele. Mwaka huohuo Mjerumani Gerald Ciolek aliishindia timu hiyo mbio za Milan-San Remo.

Mwaka 2015 timu ilialikwa Tour de France, ya kwanza iliyosajiliwa Afrika kupata nafasi hiyo. Waendeshaji tisa walichaguliwa, wakiwemo Daniel Teklehaimanot na Merhawi Kudus wa Eritrea. Niyonshuti, aliyekuwa ndani ya timu tangu ilipokuwa ndogo, hakuwa miongoni mwao. Teklehaimanot alivaa jezi ya madoa mekundu ya mfalme wa milima, heshima ambayo hakuna Mwafrika mweusi aliyewahi kuipata kabla yake. Mwaka uliofuata timu ilibadili jina na kuwa Dimension Data, ikapanda hadi daraja la juu kabisa, na Niyonshuti akabaki kwenye orodha ya waendeshaji wake.

Bendera ya taifa

Kwenye timu alikuwa msaidizi. Nyumbani alikuwa nahodha. Alibeba bendera ya Rwanda kwenye ufunguzi wa Michezo ya Olimpiki ya London mwaka 2012, na tena Rio de Janeiro mwaka 2016. London alishindana katika mbio za baiskeli za milimani na kumaliza wa 39. Filamu iitwayo Rising from Ashes inasimulia safari ya timu ya taifa hadi kufikia michezo hiyo.

Waliofuata

Rwamagana ilipata kituo cha mafunzo ya baiskeli kwa vijana kinachobeba jina lake. Valens Ndayisenga alishinda Tour du Rwanda mwaka 2014 na 2016, na mwaka 2019 mashindano hayo yalipandishwa daraja na UCI. Mnamo Septemba 2025, Kigali iliandaa Mashindano ya Dunia ya mbio za baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika katika ardhi ya Afrika.