Ukuta Unaotoka Jasho

Ukuta wa sebule kwa nyanya, Kibokoni, ulianza kutoka jasho miaka mitatu iliyopita. Rangi ilivimba, ikabambuka, chumvi ikachomoza kama unga. Na ndiyo kwanza tulikuwa tumeukarabati! Fundi alibandua chokaa yote kuukuu, akapiga plasta ya simiti, tukamlipa na pilau juu. Ukuta ulipendeza hadi masika.

Nyanya hakushangaa. "Mumeivisha nailoni, sasa mwauliza jasho latoka wapi?"

Nimekulia nyumba hii na sikuwahi kuuliza imejengwa kwa nini. Chuoni, kabla sijaacha, nilifunzwa zege na nondo tu. Kumbe ukuta huu, unene wake karibu nusu mita, ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na chokaa yenyewe ni matumbawe pia. Mafundi walipanga lundo la magogo, wakarundika matumbawe juu, wakatia moto. Kilichobaki kilimwagiwa maji, kikaachwa miezi kikiiva. Jiwe la namna hii hunyonya unyevu wa ardhini, na chokaa huuacha utoke taratibu. Simiti huuziba. Maji yakikosa njia hubaki ndani, yakila ukuta na vichwa vya boriti.

Si sisi peke yetu tuliokosea. Kule Devon, Uingereza, wanakijiji walijenga nyumba ndogo kwa udongo uliochanganywa na majani makavu, wakaezeka nyasi kama sisi na makuti yetu, wakasiliba kwa chokaa. Karne iliyopita wengi walizifunika kwa simiti, na kuta zikaoza vilevile. Mapema zaidi, mwaka 1877, William Morris na wenzake walianzisha chama cha kutetea majengo ya kale, wakipinga ukarabati wa kukwangua kila kilicho cha zamani. Leo mafundi wa nyumba hizo wamerudi kwenye chokaa. Nilipolisoma hilo niliona aibu kidogo: ilinibidi nipitie Devon ndipo nimwelewe nyanya yangu.

Halafu boriti. Ukiwa mtoto hujiulizi kwa nini vyumba vya Mji wa Kale ni virefu lakini vyembamba. Ni mikoko. Boriti moja haivuki vizuri zaidi ya mita 3 hivi, kwa hiyo chumba kinafuata mti. Majahazi yalibeba boriti hizo kutoka Lamu na Rufiji hadi Ghuba, ndiyo maana nyumba kongwe za Kuwait na Bahrain nazo zina vyumba vyembamba. Kenya ilipiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982.

Roshani za mbao tunazozipigia picha zilikuja baadaye, nyingi mwishoni mwa karne ya 19, na zina mkono wa mafundi na wafanyabiashara wa Kihindi. Nzuri, sikatai, lakini mtalii huishia hapo. Ukuta haumo kwenye picha.

Sasa ami zangu wanasema tuuze. Kurudisha chokaa ni ghali na simiti iko kila duka la hadiwea. Fundi mzee tuliyempata hana haraka. Amebandua upande mmoja tu, akatuambia tuuache ukauke kwanza. Nyanya amehamishia kahawa yake barazani, na kila anayepita anaulizwa kama amjua mtu mwenye chokaa iliyoiva.