Ukuta wa moto

Kijana mmoja wa Kamembe, hapa Rusizi, aliniomba nimsahihishie ujumbe kabla hajawatumia mafundi wa pfSense, programu ya kulinda mtandao: "Wakubwa, nisaidieni, ukuta wa moto umeniziba." Mama yake, aliyekuwa akimenya ndizi, akaacha kisu. "Moto uko wapi?"

Namwelewa. Ukuta wa matofali umejengwa kwa matofali. Wa moto, basi, unawaka. Kweli kiunganishi hiki, "-a", kina ujanja wake: dawa ya mbu huua mbu, dawa ya meno haiui meno. Lakini neno lenyewe, "firewall" la Kiingereza, lilitoka kwa waashi, waliojenga ukuta ili moto usirukie nyumba ya pili. Ng'ambo ya mto, Bukavu, Kifaransa kimeukwepa utata: pare-feu, kikinga moto.

Mimi ningesema "kizuizi". Avukaye daraja la mpakani la Rusizi anakijua: karatasi zinatazamwa, unapita au unarudi. Programu huria ya pfSense, iliyoanza 2004, huzifanyia hivyo pakiti za data. Husoma kanuni toka juu kwenda chini, ya kwanza kuafiki ndiyo huamua, na pakiti isiyo na kanuni hukataliwa.

"Umeniziba" haimwambii fundi lolote. Tukaifuta. Tukaandika toleo la programu, kisha kanuni moja moja kwa mpangilio wake. Tulipofika ya tatu, kijana akacheka: ya kukataa ilikaa juu ya ile ya kuruhusu. Ujumbe haukutumwa.