Michezo ya muziki kwenye simu: Nani huvuna kwa kila wimbo?

BIASHARA ya michezo ya simu inayotumia nyimbo za wasanii maarufu ilishika kasi Julai 2008, pale kampuni ya Apple ilipofungua duka la programu za iPhone. Miongoni mwa programu za mwanzo dukani humo ulikuwamo mchezo wa Tap Tap Revenge, uliotengenezwa na Tapulous, kampuni changa ya Palo Alto, California, nchini Marekani.

Mchezo huo ni rahisi. Viduara vya rangi hushuka kwenye kioo cha simu wakati wimbo ukipigwa, naye mchezaji huvigusa kwa kufuata mapigo. Asili yake ni Tap Tap Revolution, programu ya Nate True iliyotumika kwenye simu zilizofunguliwa bila idhini ya Apple.

Ugumu wa biashara hiyo uko kwenye nyimbo. Kila wimbo hubeba haki mbili: haki ya utunzi, yaani maneno na sauti za muziki, ambayo kwa kawaida husimamiwa na mchapishaji wa muziki, na haki ya rekodi, ambayo mara nyingi humilikiwa na kampuni iliyogharimia kurekodi. Mtengenezaji wa mchezo hulazimika kupata ridhaa ya pande zote mbili. Wimbo wenye watunzi wanne waliosajiliwa kwa wachapishaji tofauti unaweza kukwama kwa sababu ya mmoja tu.

Ndiyo maana nyimbo nyingi za mchezo wa Guitar Hero wa mwaka 2005 ziliimbwa upya na wanamuziki wa kukodi. Kwa njia hiyo, leseni ya utunzi pekee ilitosha.

Tapulous ilianza kwa kugawa mchezo bure. Wasanii wachanga walipata kusikika, na mchezaji aliyependezwa aliweza kwenda moja kwa moja kununua wimbo katika duka la iTunes. Oktoba 2008 kampuni hiyo ilitoa toleo la kundi la Nine Inch Nails kwa dola 4.99. Baadaye yalifuata matoleo ya Coldplay na Lady Gaga.

Mwaka 2009 Apple iliruhusu mauzo ndani ya programu, na Tap Tap Revenge 3 ikaanza kuuza nyimbo za ziada. Hata hivyo, bei ndogo hugawanywa kwa wengi. Katika kila senti 99, Apple ilichukua asilimia 30. Senti 69 zilizobaki ndizo zilizopaswa kutosha wenye rekodi, watunzi na mtengenezaji wa mchezo. Faida, kwa hiyo, ilitegemea wingi wa wanunuzi.

Julai 2010 Tapulous ilinunuliwa na Disney, na toleo la nne likatoka mwishoni mwa mwaka huo. Mwaka 2014 michezo hiyo iliondolewa sokoni.

Walioumia ni wateja. Nyimbo walizolipia zilichezwa ndani ya mchezo tu, wala hazikuweza kuhamishwa. Aliyenunua wimbo iTunes alibaki na faili lake. Aliyenunua ndani ya mchezo alikuwa amelipia ruhusa ya kuucheza, na ruhusa hiyo iliishi kadiri mchezo ulivyoishi.