Kutoka kiko hadi koili: nani anapanga moto wa nikotini Kisii na Nyamira?

Mwanzoni mwa miaka ya 2010, vepu nyingi, yaani sigara za kielektroniki, zilizotoka viwanda vya Shenzhen, China, zilikuwa na kigurudumu kidogo chini ya betri, cha kuzungushwa kwa ukucha. Kando yake ziliandikwa namba, kuanzia 3.3 hadi 4.8. Hizo ni volti. Mvutaji aliyezoea kuwasha na kuzima tu akajikuta amekabidhiwa kazi ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ya mwenye kiwanda: kuamua moto uwe mkali kiasi gani.

Katika nchi ya Abagusii, yaani Kisii na Nyamira, kazi hiyo iliwahi kuwa ya mzee mwenyewe. Kiko na ugoro vilijulikana huku kama vilivyojulikana kwa majirani Waluo na Wakuria. Mwenye kiko alishindilia tumbaku yake kwa kidole gumba. Akikaza mno, inazimika. Akilegeza mno, inaungua kwa kasi na kumchoma ulimi. Akivuta polepole moto unatulia, akivuta kwa pupa unapanda. Hapakuwa na namba, lakini udhibiti ulikuwepo, tena mkononi mwa anayevuta.

Sigara ya kiwandani ikamnyang'anya. Kampuni ya sigara ya BAT ilianza shughuli zake Kenya mwaka 1907, Mombasa, na kuanzia miaka ya 1970 ikawa na wakulima wa mkataba hadi Migori na Oyugis, pembezoni kabisa mwa Gusii. Yule mwenye kiwanda ndiye anayechagua mchanganyiko wa majani, unene wa karatasi na kichungi. Ncha ya sigara hufika karibu nyuzijoto 900 mtu anapovuta, na mvutaji hana la kufanya ila kuimaliza. Amebakiziwa uamuzi mmoja tu, wa kununua pakiti au moja moja. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inakataza kuuza sigara katika pakiti yenye chini ya sigara kumi, lakini pita kwenye vibanda vya Daraja Mbili, mjini Kisii, jioni uone kama kuna anayeikumbuka. Moja moja ndiyo biashara yenyewe, na kiberiti cha gesi kimefungwa kamba dirishani ili kisiondoke na mteja.

Gusii, hata hivyo, haikuipokea sigara kama sehemu nyingine za Kenya, na sababu yake ni kanisa. Waadventista wa Sabato waliingia nchini mwaka 1906, wakatia nanga Gendia karibu na Kendu Bay, chini ya Arthur Carscallen kutoka Kanada na Peter Nyambo kutoka Nyasaland. Miaka michache baadaye walikuwa Nyanchwa, kilimani juu ya mji wa Kisii. Kwao tumbaku ni jambo la ubatizo: huwezi kuzamishwa majini huku unavuta. Kanisa hilohilo ndilo lililobuni, Marekani mwaka 1960, mpango wa siku tano wa kuacha sigara ulioenea duniani kabla wizara nyingi za afya hazijafikiria kufanya hivyo. Kwa hiyo katika maboma mengi ya Kisii na Nyamira moshi ulikuwa ushahidi. Mama alinusa shati, mchungaji akanusa pumzi, na kesi ikaisha hapo. Na bado Tabaka, kule Mugirango Kusini, mafundi wa mawe laini wamechonga na kuwauzia watalii visahani vya majivu ya sigara kwa miaka nenda rudi. Biashara haina ubatizo.

Ndiyo maana kifaa kisichoacha harufu ya moshi kina uzito wake hapa kuliko Nairobi. Lakini kabla ya kumfuata kijana wa leo, turudi kwa waliokibuni.

Mmarekani Herbert Gilbert, wa Pennsylvania, aliomba hataza ya sigara isiyo na moshi wala tumbaku mwaka 1963, akaipata 1965. Ilipasha hewa yenye ladha kwa betri. Hakuna kampuni iliyoitengeneza kwa biashara, na wazo likalala kwa miaka karibu arobaini. Lililoliamsha ni msiba. Hon Lik, mfamasia wa Shenyang, China, alikuwa mvutaji sugu na baba yake aliugua saratani ya mapafu. Mwaka 2003 akabuni kifaa kinachogeuza nikotini ya majimaji kuwa mvuke. Toleo lake la kwanza lilitumia mtetemo wa sauti isiyosikika, halikutumia waya wa moto. Waya ulikuja baadaye kwa sababu ni rahisi kutengeneza, na tangu hapo koili ndiyo moyo wa vepu.

Ukifungua tangi la vepu ya aina ile yenye kigurudumu, unakuta kikopo cha chuma kisichozidi ncha ya kidole cha mwisho. Ndani yake mna waya mwembamba uliozungushwa mara tano, sita au zaidi, na pamba nyeupe imepita katikati. Pamba ndiyo utambi: inanyonya kimiminika kama utambi wa taa ya chemni unavyonyonya mafuta, na waya unakipasha hadi kiwe mvuke. Waya wenyewe mara nyingi ni kanthali, mchanganyiko wa chuma, kromi na alumini uliobuniwa na Hans von Kantzow huko Hallstahammar, Sweden, au ni nikromi. Koili mpya inapotiwa, pamba inapaswa kulowanishwa kwa matone kadhaa na kuachwa dakika chache. Asiyekuwa na subira akibonyeza kitufe pamba ikiwa kavu, inaungua palepale, na kila pumzi ya koili hiyo itakuwa chungu mpaka itupwe.

Sasa volti. Wauzaji wengi husema tu "weka nne" kana kwamba nne inatosha. Haitoshi. Georg Ohm, mwalimu wa Kijerumani, alichapisha kanuni yake mwaka 1827, na Mwingereza James Joule akaonyesha miaka kumi na kitu baadaye jinsi mkondo wa umeme unavyogeuka joto kwenye waya. Ukiunganisha kazi zao unapata hesabu ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili anaiweza: zidisha volti kwa volti, gawanya kwa ukinzani wa koili, yaani omu zake, na jibu ni wati. Wati ndizo zinazoamua joto.

Chukua koili ya omu 2.4, iliyokuwa ya kawaida siku za kigurudumu. Kwa volti 4.8 inatoa wati 9.6. Mvutaji akaitupa ilipochakaa, akatia ya omu 1.2 kwa sababu ndiyo iliyokuwepo dukani. Kigurudumu hajakigusa, kiko palepale kwenye 4.8, lakini wati zimekuwa 19.2. Joto limekuwa maradufu bila yeye kujua, pamba haiwahi kunyonya, na kinachofuata ni kikohozi. Ili arudi alikokuwa angelazimika kushuka hadi karibu volti 3.4. Watumiaji waliozoea waliijua hesabu hii: anza chini kabisa, panda kidogo kidogo, ukisikia ladha ya kuungua umepita, ukisikia kimiminika kinabubujika na kukujia mdomoni uko chini mno. Kimiminika kizito chenye gliserini nyingi hunyonywa polepole, kwa hiyo nacho kinataka moto mdogo au matundu makubwa zaidi ya kuingilia. Huo ulikuwa ufundi kamili, wenye vijana wake wajanja na mabishano yake.

Wahandisi nao hawakukaa kimya. Kampuni ya Evolv ya Ohio ilitoa mwaka 2011 kifaa kilichomwondolea mtu hesabu: unachagua wati, nacho kinapima omu za koili na kupanga volti chenyewe. Mwaka 2014 kampuni hiyohiyo ikaleta chipu inayokadiria joto la waya wa nikeli kwa kufuatilia ukinzani wake unavyobadilika, na kupunguza nguvu waya ukizidi. Kwangu mimi hapo ndipo kifaa hiki kilipofika kilele cha ustaarabu wake. Wakati huohuo wengine walikimbilia upande wa pili: vifaa visivyo na chipu yoyote, betri moja kwa moja hadi koili, na waya wa kujisokotea wenyewe wa chini ya omu moja. Koili ya omu 0.1 kwenye betri iliyojaa, volti 4.2, inadai ampea 42. Betri nyingi za lithiamu za vifaa hivyo haziruhusiwi kutoa zaidi ya 20 au 30. Florida mwaka 2018 na Texas mwaka 2019, watu wawili walifariki baada ya vepu zao kulipuka.

Swali la afya nalo likaangukia kwenye volti zilezile. Januari 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Portland waliandika katika New England Journal of Medicine kwamba kifaa walichokijaribu kwa volti 3.3 hakikutoa fomaldehaidi waliyoweza kuipima, lakini kilipopandishwa hadi 5.0 sumu hiyo ikaonekana katika umbo la viambata vyake. Wakosoaji walijibu kuwa kwa volti hizo koili ile ilikuwa inaungua kavu na hakuna binadamu angeivumilia. Hoja hiyo ina mantiki, ila inauachia ulimi kazi ya kuwa kipimo cha sumu, na ulimi wa mtu wa miaka kumi na saba uliolemewa na ladha ya embe si kipimo.

Kisha kigurudumu kikatoweka. Mwaka 2015 vepu ya Juul ilianza kuuzwa Marekani ikiwa na nikotini ya chumvi ya takriban miligramu 59 kwa mililita, laini kooni hata kwa moto mdogo. Ulaya kiwango cha juu ni 20. Baada yake zikafuata vepu za kutupa, za rangi za peremende, ambazo hazina kitufe wala namba. Koili imefungiwa ndani na volti zimepangwa Shenzhen. Tumerudi kwenye sigara ya kiwandani: mvutaji hachagui moto tena, na safari hii hata hajui kama ulichaguliwa. Uingereza imepiga marufuku uuzaji wa hizo za kutupa tangu Juni 1, 2025.

Kenya iliitambua vepu kwa mfuko kabla ya kuitambua kwa afya. Sheria ya 2007 iliandikwa kwa kuwazia jani la tumbaku. Sheria ya ushuru ya 2015 ndiyo iliyokitaja kifaa chenyewe: Sh3,000 kwa kila sigara ya kielektroniki na Sh2,000 kwa kila katriji. Baadaye nikotini ya majimaji ikatozwa Sh70 kwa mililita, na mwishoni mwa 2024 ikapandishwa hadi Sh100, maana yake chupa ya mililita kumi ina Sh1,000 za serikali kabla muuzaji hajaweka faida. Shisha ilipigwa marufuku Desemba 2017. Vifuko vya nikotini vya Lyft vilisajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu mwaka 2019, na mwaka uliofuata aliyekuwa Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, akasema usajili huo haukufuata sheria. Kanuni za tumbaku za 2014 zilipiganiwa mahakamani na BAT hadi Mahakama ya Juu ilipotupa rufaa yao Novemba 2019. Mswada wa kurekebisha sheria ya tumbaku, ulioletwa Seneti mwaka 2024, ndio uliotaka vepu na vifuko vitajwe waziwazi.

Hakuna popote katika historia hiyo ndefu ambapo sheria ya Kenya imeuliza kuhusu omu. Ushuru unahesabu vipande na mililita. Hauna habari kama kipande kinatoa wati 9 au 90. Na kijana wa Nyamira hanunui kwa mhandisi. Ananunua kwa muuzaji wa vifaa vya simu, au anaagiza Nairobi na mzigo unafika na matatu, bila karatasi ya maelezo.

Kanisa pia limepitwa. Mahubiri ya Nyanchwa yalijengwa juu ya moshi unaonuka, na vepu ya embe haimfichulii mama chochote akikusanya nguo za kufua. Wachungaji na walimu wanaotaka kuendelea kuheshimiwa katika jambo hili itabidi wazungumze juu ya nikotini yenyewe, maana ndiyo inayofunga mtu, na ubongo wa kijana huishika upesi kuliko wa mtu mzima.

Afya ni jukumu la kaunti tangu 2013, na maafisa wa afya ya umma wa Kisii na Nyamira wana mamlaka ya kuingia dukani na kuangalia rafu. Waanze kwa mambo mawili wasiyohitaji kusubiri Bunge: wamkamate anayeuzia watoto wa chini ya miaka 18, na waondoe kifaa chochote kisichoandikwa kiasi cha nikotini. Watunga sheria nao waongeze mstari mmoja unaodai kila vepu inayoingia nchini iandikwe volti, omu na wati zake. Na wewe msomaji ambaye tayari unayo mfukoni, usiache betri ya ziada ikichanganyika na funguo au sarafu, usibadilishe koili bila kusoma omu zake, na ukitaka kuacha kabisa, nenda hospitali ya kaunti uulize msaada. Huna haja ya kusubiri kikohozi kikupeleke.