Sinema ya Kupakata

Kompyuta ndogo ambazo wasafiri wa siku hizi hutazamia sinema ndani ya basi zimepata jina zuri la Kiswahili: kompyuta mpakato. Kupakata ni kumweka mtoto mapajani. Anayepakata ni mmoja na anayepakatwa ni mmoja. Jina hilo linaeleza vizuri jinsi sinema ilivyobadilika katika nchi yetu, kwani ilianza safari zake ikiwa mali ya umati.

Mwaka 1935, huko Vugiri katika milima ya Usambara, ulianza mradi wa majaribio ya sinema za elimu uliojulikana kwa kifupi kama BEKE. Wasimamizi wake walikuwa Waingereza wawili, L. A. Notcutt na G. C. Latham, na fedha nyingi zilitoka kwa shirika la Carnegie la Marekani. Hadi ulipofungwa mwaka 1937 ulikuwa umetengeneza filamu zipatazo 35. Moja ilihusu ugonjwa wa safura, nyingine faida ya kuweka akiba posta badala ya kufukia fedha ardhini. Lori lilibeba filamu hizo likazizungusha Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 zikaja filamu zenye hadithi, zilizochezwa na Waafrika kwa Kiswahili. Katika Muhogo Mchungu alicheza kijana Rashidi Kawawa, ambaye mwaka 1962 alikuja kuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika.

Kwetu Marui, wilayani Kisarawe, nililiona gari la sinema nikiwa mtoto. Shuka jeupe lilitundikwa, jenereta ikanguruma, watoto tukakaa chini mbele na wazee kwenye mikeka. Waliokosa nafasi walikaa nyuma ya shuka, wakaona watu wote wakitumia mkono wa kushoto. Kando alisimama msimuliaji na kipaza sauti, akieleza kila kinachoonekana.

Picha zilichaguliwa na maofisa, wala hakuna aliyetuuliza tunataka nini. Lakini tulikuwa na haki ya kujibu. Baada ya filamu ya uchimbaji wa choo, mzee mmoja alisimama akauliza kwa nini yule bwana wa kwenye picha hana mke wala watoto wa kumsaidia, na kama serikali itamlipa kwa siku alizoacha shamba lake. Watu walicheka, kisha wakabishana mpaka usiku mkubwa. Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu niliwaeleza wanachuo wangu kisa hicho mara nyingi, kwa sababu somo lilianza pale picha ilipokwisha.

Baadaye zikaja kanda za video na vibanda vyake. Humo msimuliaji alirudi kwa sura mpya: akatafsiri filamu za Kihindi, za Kichina na za Kimarekani kwa Kiswahili cha mitaani, akiongeza na utani wake. Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, alijipatia jina kubwa kwa kazi hiyo. Kisha mabasi ya masafa marefu yakafungwa televisheni, na hatimaye kila msafiri akaweza kubeba yake.

Nimesafiri na mjukuu wangu kupitia Maneromango kwenda Dar es Salaam, naye amepakata kompyuta yake, masikio yameziba, anacheka peke yake. Nilipomuuliza anacheka nini, alinipa kisikilizi kimoja. Nikasikia sauti ya msimuliaji, imefungiwa ndani ya chombo. Kabla ya kufika Kisarawe betri ikaisha, naye akalazimika kunisimulia mwisho wake. Alisimulia vizuri sana, mpaka abiria wa kiti cha mbele akageuka kusikiliza.

Sitamani enzi za maofisa kutuchagulia cha kutazama. Kijana anayechagua mwenyewe, akasimamisha picha na kuirudisha nyuma apendavyo, ana uhuru ambao sisi hatukuwa nao. Lakini tulikuwa na kitu ambacho chombo chake hakimpi, nacho ni mtu wa kubishana naye. Kidole kimoja hakivunji chawa. Basi wewe mzazi au babu uliyeketi kando ya mtoto wa namna hiyo, usimnyang'anye kompyuta. Mwombe akusimulie alichokiona, kisha mbishie.